Taa ya Baisikeli Si kwa Macho Yako Tu

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja, karani wa hesabu hapa Tabora, katika mkutano wetu wa mwezi. Yanachapishwa kwa ombi la waliohudhuria.)



Waliotangulia kusema katika mikutano yetu walisema juu ya mambo makubwa: malipo ya uzeeni, elimu ya watoto, nyumba za watumishi. Mimi nimechagua jambo dogo, liwezalo kushikwa kwa mkono mmoja, nalo ni taa ya baisikeli. Huenda mmoja wenu akajisemea moyoni, "Je, karani huyu ametuketisha hapa ili atufundishe kununua taa?" Namwomba anivumilie. Wengi wetu tuliomo humu tulikuja kwa baisikeli, na kikao hiki kitakapokwisha nje kutakuwa giza.

Kabla sijaeleza habari za taa, sina budi kuwasimulia yaliyonipata mimi mwenyewe, maana bila hayo nisingekuwa na haki ya kumfundisha mtu.

Mwezi wa Juni, kama mjuavyo, ndio mwisho wa mwaka wa fedha wa serikali. Sisi wa hesabu hukaa ofisini mpaka usiku, hata vitabu vifungwe. Usiku mmoja wa mwezi huo, miaka mitatu iliyopita, nilitoka kazini saa mbili pamoja na ndugu yetu mmoja aliye tarishi katika ofisi yetu. Nyumba zetu zilikuwa upande mmoja, kando ya barabara ya lami iendayo Nzega. Mimi nilikuwa na taa ya mbele, mpya, yenye nuru kali, nami nilijivunia. Taa ya nyuma sikuwa nayo. Mwenzangu hakuwa na taa yo yote. Akaniuliza kama si afadhali tusukume baisikeli zetu tukienda kwa miguu. Nikamjibu, "Nifuate nyuma, nuru yangu yatutosha sote wawili."

Tulipokwisha kutoka mjini, gari dogo la mizigo lilitujia kwa nyuma. Mwenzangu ndiye aliyekuwa karibu nalo, naye ndiye aliyegongwa. Mimi nilisikia kishindo, nikageuka, nikamkuta mtaroni na baisikeli juu yake. Dereva hakukimbia. Alishuka akitetemeka, akasema, "Niliona mwanga barabarani huko mbele, nikajua kuna mtu, nikaona bado nina nafasi. Huyu sikumwona kabisa."

Basi, ndugu zangu, taa yangu ilimwonyesha dereva mahali nilipokuwa mimi, na mwenzangu ikamwacha gizani. Mguu wake ulivunjika mahali pawili. Siku hizi hutembea kwa mkongojo, wala hawezi tena kupanda baisikeli. Hutoka nyumbani kwake alfajiri ili afike kazini kwa wakati. Hakunilaumu hata siku moja. Yeye ndiye aliyenipa ruhusa ya kuyasema haya, naye yumo humu, ameketi karibu na mlango.

Tangu usiku ule nimejifunza habari za taa kwa bidii ambayo ingalinifaa kabla yake. Na neno la kwanza nililojifunza ni hili: taa ya baisikeli ina kazi mbili. Kazi moja ni kukuonyesha wewe njia. Kazi ya pili ni kuwaonyesha wengine kwamba upo. Sisi wanunuzi hufikiri ile ya kwanza tu, maana ndiyo tuionayo kwa macho yetu. Ile ya pili huonwa na macho ya mtu mwingine, kwa hiyo hatuijali. Walakini katika barabara ya magari hiyo ya pili ndiyo iliyo kubwa zaidi.

Tuipime kwa hesabu, maana hesabu ndiyo kazi yangu. Gari liendalo kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 katika kila sekunde moja. Kitabu cha kanuni za barabara cha Uingereza chaeleza kwamba gari la mwendo huo huhitaji mita 53 hata lisimame: mita 15 hupita dereva akiwa bado anawaza, na mita 38 hupita akiwa amekwisha kukanyaga breki. Tena hiyo ni kwa lami kavu na breki nzima. Sasa mtu aliyevaa koti jeusi, hana taa, akionekana gari likiwa mita 30 nyuma yake, dereva atafanya nini? Hata akiwa mtu mwema, hata akiwa hakulewa, mita hazitoshi. Bali taa nyekundu ndogo, ikiwa safi, huonekana kutoka mbali sana, na dereva hupata nafasi ya kupunguza mwendo na kukwepa bila haraka.

Nchi yetu nayo ina tabia yake. Hapa Tabora jua huchwa karibu na saa moja jioni, mwaka mzima, na tofauti ya mwezi na mwezi ni ndogo. Likichwa, nusu saa haipiti ila giza limekwisha kutanda. Huko London mwezi wa Juni jua huchwa baada ya saa tatu usiku, na mtu aweza kurudi nyumbani kwa nuru ya mchana. Sisi hatuna nafasi hiyo katika mwezi wo wote. Mtumishi anayechelewa kazini kidogo tu, giza litamkuta njiani.

Najua udhuru tunaoutoa, kwa sababu mimi niliutoa wote. Wa kwanza husema, "Kuna mbalamwezi." Ni kweli, mbalamwezi hukuonyesha wewe njia, lakini dereva aliye nyuma ya taa zake mwenyewe haioni. Wa pili husema, "Nimevaa shati jeupe." Shati jeupe lasaidia, lakini likifunikwa na koti au mfuko wa mgongoni halina kazi. Wa tatu husema, "Nina tochi ya simu." Huyu hushika simu kwa mkono mmoja, akaendesha kwa mkono mmoja, breki moja ikakosa mshikaji, na nyuma yake bado ni giza tupu. Wa nne husema, "Betri ni ghali." Huyu namjibu kwa urefu kidogo.

Babu zetu waliopanda baisikeli za kwanza walitumia taa za mafuta, kisha taa za kabidi, ambazo ndani yake maji hudondokea juu ya kabidi ikatoka gesi ya kuwaka. Baadaye zikaja globu zenye waya mwembamba ndani. Globu hizo hula umeme mwingi, na sehemu kubwa ya umeme huo hugeuka joto, si nuru. Taa za LED ni namna nyingine kabisa. Ile ya nuru nyekundu ilitengenezwa mwaka 1962 na Nick Holonyak wa Marekani. Ile ya buluu ilichelewa sana, nayo ndiyo iliyowezesha kupatikana kwa nuru nyeupe. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, wote wazaliwa wa Japani, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa ajili yake. Taa hizi kwa umeme ule ule hutoa nuru mara nyingi kuliko globu. Kwa hiyo anayelalamika juu ya gharama ya betri, bila shaka angali akiikumbuka taa ya zamani.

Sasa nieleze namna ya kuchagua.

Jambo la kwanza ni rangi. Mbele nyeupe, nyuma nyekundu, wala zisibadilishane mahali. Mkataba wa mataifa juu ya usafiri wa barabara, uliofanywa Vienna mwaka 1968, wataka baisikeli iwe na breki ifanyayo kazi, na kengele, na kiakisi chekundu nyuma, tena iweze kuonyesha nuru nyeupe au ya manjano mbele na nuru nyekundu nyuma. Sababu yake ni nyepesi. Dereva aonapo nyekundu hujua kwamba mtu huyo anakwenda alikokabili yeye. Aonapo nyeupe hujua kwamba anamjia. Mwenye kufunga taa nyekundu mbele kwa kupenda urembo humdanganya dereva juu ya jambo lililo kubwa kuliko yote.

Jambo la pili ni mpango wa kununua. Zote mbili zahitajiwa. Lakini ikiwa fedha zako za mwezi huu zatosha taa moja tu, nunua ya nyuma kwanza. Gari lijalo mbele yako utaliona, nawe waweza kutoka barabarani. Lijalo nyuma hulioni, nawe huna ila kumtumaini dereva akuone. Mpaka upate ya mbele, usipande usiku. Sukuma baisikeli yako pembeni mwa njia, na taa yako nyekundu ikiwaka nyuma. Mimi nilianza na ya mbele, na matokeo yake mmeyasikia.

Jambo la tatu ni kipimo cha nuru. Katika maboksi ya taa mtaona neno lumeni, nalo ni jumla ya nuru itokayo katika taa. Kipimo cha pili ni luksi, nacho huonyesha nuru iliyofika mahali fulani. Vitu hivi viwili havifanani. Nuru ikienda umbali maradufu hutapakaa juu ya eneo mara nne, na ukali wake hubaki robo. Kwa hiyo taa ya lumeni nyingi imwagayo nuru yake hewani na juu ya miti yaweza kushindwa na taa ya lumeni chache iliyotengenezwa kwa akili, ikaelekeza nuru yake barabarani. Ujerumani sheria yadai taa ya mbele ya baisikeli itoe luksi zisizopungua 10 mahali palipo mita 10 mbele yake. Kwa mjini palipo na taa za barabarani, lumeni 50 mpaka 100 zatosha. Kwa njia yenye giza na mashimo, tafuta kati ya 200 na 400. Zaidi ya hapo, kwa mwendo wetu wa kwenda na kurudi kazini, ni kupofusha watu. Taa ya nyuma haihitaji ukali huo. Ikimwumiza macho dereva, atashindwa kupima umbali wako.

Jambo la nne ni kuwaka mfululizo au kumetameta. Taa imetayo huvuta jicho upesi. Taa iwakayo mfululizo humsaidia dereva kujua uko umbali gani na unakwenda wapi. Mataifa hayakuafikiana. Ujerumani hukataza taa za baisikeli zimetazo. Uingereza huziruhusu tangu mwaka 2005, mradi zimete si chini ya mara 60 wala si zaidi ya mara 240 kwa dakika. Mimi, kwa njia zetu zisizo na taa, nachagua mfululizo. Mwenye taa mbili nyuma aweza kuwasha moja mfululizo na ya pili imete.

Jambo la tano ni chanzo cha umeme. Dainamo isuguayo ubavu wa tairi haina haja ya betri, wala hailali njaa. Lakini humchosha mpandaji, huteleza mvuani, na baisikeli ikisimama taa huzimika, isipokuwa ile iliyo na akiba ndani yake. Iko dainamo nyingine ikaayo katikati ya gurudumu, isiyoteleza. Kampuni ya Sturmey-Archer ya Uingereza ilianza kuuza ya namna hiyo mwaka 1936, na hata leo zatengenezwa, ijapokuwa ni ghali. Taa ya betri za kuchaji kwa waya wa simu ndiyo iwafaayo wengi wetu. Lakini zichunguze kwa hesabu. Betri ya mA 2000 kwa saa, yenye volti 3.7, hubeba wati 7.4 kwa saa moja. Taa ya wati 2 itawaka saa tatu na nusu hivi, si usiku kucha. Tena jihadharini na maandishi ya uongo. Betri ya mviringo iitwayo 18650, iliyo ndefu kuliko kidole gumba, kwa kawaida hubeba kati ya 2000 na 3500. Ukiona imeandikwa 9900, ujue kwamba aliyeandika namba hiyo hasemi kweli, nawe huna sababu ya kuyaamini mengine aliyoyaandika.

Jambo la sita ni maji. Masika haiulizi kama taa yako ni mpya. Tazama alama ya IPX. IPX4 maana yake taa yastahimili maji yarushwayo kutoka kila upande. IPX7 maana yake yaweza kuzama mita moja kwa nusu saa isiharibike. Kwa mvua zetu usikubali chini ya IPX4.

Jambo la saba ni kuifunga taa mahali pake. Nimeona taa nzuri za nyuma zilizofungwa chini ya kiti, kisha juu ya keria likawekwa gunia, na taa isionekane na mtu. Ifunge mwisho wa keria au juu ya madigadi, pasipofunikwa na mzigo wala koti. Ya mbele nayo iinamishwe. Nendeni mbele ya ukuta, mita 5 kutoka kwenye taa. Katikati ya nuru pawe nusu ya kimo cha taa kutoka chini. Ikiwa hivyo, nuru itaangukia barabarani mita 10 mbele yenu, wala haitampiga machoni ajaye.

Mwisho ni viakisi, vile vipande virudishavyo nuru kule ilikotoka. Havili umeme, wala havichakai upesi. Vile vya pedeli vina sifa yake, maana hupanda na kushuka, na dereva hutambua mara moja kwamba ni mtu wa baisikeli. Uingereza sheria huvidai kwa baisikeli zote zilizotengenezwa tangu Oktoba 1985. Lakini kiakisi hakina nuru yake mwenyewe. Pasipo taa ya gari hakionekani, na kikifunikwa na vumbi hakionekani kabisa. Baisikeli ya mwenzangu ilikuwa na kiakisi usiku ule. Nilikitazama asubuhi yake, nacho kilikuwa na vumbi jekundu kama tofali.

Bwana Rais, maneno matupu hayawashi taa, kwa hiyo naomba ruhusa kutoa shauri. Nashauri kila mwanachama atoe shilingi elfu mbili kila mwezi, akabidhi kwa Mweka Hazina, ziandikwe katika kitabu cha peke yake, na kila robo ya mwaka zinunuliwe taa kwa jumla, ya mbele na ya nyuma pamoja. Nashauri tena kwamba za kwanza wasipewe makarani. Wapewe matarishi, wafagizi na walinzi, ambao hufika kabla yetu na kuondoka baada yetu, na mishahara yao ndiyo midogo. Wengine watasema kwamba hao si wote wanachama. Nami nasema kwamba usiku ule gari halikuuliza nani ni mwanachama. Fungu langu la mwaka mzima nimelileta leo, nalo limo katika bahasha hii.

Kabla ya kuja hapa nilimwuliza ndugu yangu yule aketiye karibu na mlango kama ana neno la kuwaambia. Akafikiri, kisha akasema, "Waambie wafute vumbi kila jumamosi, na mtu asikubali kufuata taa ya mwenziwe." Neno hilo nimelifikisha.

Tutakapotoka, tafadhali kila mtu atazame nyuma ya baisikeli yake kabla ya kupanda. Asiye na taa asione haya kusukuma. Mimi nitasukuma pamoja naye.